Kivuli Msingini mwa Kitabu

"Ondoa kivuli chako hapo, we mkwe!"

Aliyepiga kelele ni Shangazi Tota, mshika funguo wa nyumba ya kusomea ya kijiji, ndoo ya maji mkononi na kitambaa kimemteleza kichwani. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa handaki la msingi, pale mafundi walipochimba ili waujenge upya ukuta wa ua. Jua la Machi lilikuwa mgongoni mwangu, na kivuli changu kilikuwa kimelala handakini, kichwa juu ya jiwe la kwanza. Mafundi wakatazamana. Mmoja akaziba mdomo kwa kofia. Baba mkwe wangu, Mzee Stamen, aliyeketi kitini karibu na lundo la mchanga, blanketi magotini na mkono mmoja mfukoni, hakucheka. Alikuwa anakikagua kile kivuli kama mtu anavyokagua kitambaa dukani, akikisia kitatosha nguo gani.

"Nimesimama tu, Shangazi," nikamwambia.

"Ndivyo walivyosema wote. Walikuwa wamesimama tu."

Nikasogea. Si kwa woga, nilijiambia, bali kwa adabu. Mimi ni mtu wa bondeni, mwana wa mji wa Plovdiv, niliyekuja kijiji hiki cha milimani, Kamen Dol, kwa kuoa, na mkwe wa kuingia hana budi kuwa na adabu hata kwa upuuzi. Mtoto wa Kamen Dol hufundishwa jambo hili kabla hajajua kushika kijiko: msingi ukichimbwa na jua likiwaka, pita mbali. Babu zao walikuwa waashi, wamejenga madaraja na minara ya kengele kutoka milima hii hadi baharini, na waliamini kwamba jengo lisilopewa mtu halisimami. Kumuua mtu ni dhambi, kwa hiyo walichukua kivuli chake. Fundi mmoja alikushika kwa mazungumzo ya bei ya ngano, mwingine akakipima kivuli chako kwa uzi, na uzi ukazikwa chini ya jiwe la kwanza. Jengo lilisimama. Mwenye kivuli hakumaliza siku arobaini.

Nilikuwa nikiyasikia hayo na kucheka moyoni. Mimi na waashi wapi na wapi? Kazi yangu ni vitabu, tena vitabu visivyo na karatasi.

Kitabu cha mwaka ule kilikuwa kitabu cha kijiji chenyewe: habari za waashi wa Kamen Dol, majengo yao, safari zao, vifo vyao. Kilitakiwa kifunguliwe Siku ya Mtakatifu Georgi, mwanzoni mwa Mei, siku ambayo zamani waashi walifunga mizigo na kuondoka kwa msimu. Mzee Stamen ndiye aliyebaki wa mwisho. Vumbi la mawe lilikuwa limemkaa mapafuni, na daktari alikuwa ameshatuambia, mimi na mke wangu Nevyana, kwamba tusimtarajie kuiona Siku ya Georgi ya mwaka wa pili. Kwa hiyo Nevyana hakuwa na wazo jingine mchana wala usiku. Baba yake akione kitabu kimesimama. Asubuhi aliketi naye na kuyaandika maneno yake. Alasiri alipanda ghorofani katika nyumba ya kusomea, tulipokuwa na meza mbili na kompyuta mbili, na kuniletea alichoandika.

Kitabu cha namna ile hakiandikwi kwa mapambo. Unaandika maneno matupu na alama chache. Mstari ukiuanza kwa alama mbili za sawa, programu inajua hapo sura inaanza. Ukiongeza ya tatu, ni kifungu ndani ya sura. Kinyota upande huu na upande huu, neno linakoza. Kila sura inakaa katika faili lake, halafu lipo faili moja mama, ambalo kazi yake ni kuziita sura moja moja kwa zamu. Ukimaliza unaiagiza programu ijenge. Ndivyo tusemavyo sisi wa kazi hii, kujenga kitabu, na Mzee Stamen aliposikia neno hilo kwa mara ya kwanza macho yalimng'aa. Na ukitaka kuacha neno ambalo msomaji hataliona kamwe, basi unauanza mstari kwa mikwaju miwili, vile vistari vya kuinama. Programu huupita kama kipofu. Mstari upo, lakini kitabuni haumo.

"Kama uzi ukutani," mzee alisema nilipomweleza.

"Kama maelezo ya fundi kwa fundi mwenzake, Baba."

"Ndiyo hivyo hivyo nilivyosema."

Sura ya sita ilipita, ya saba ikagoma.

Ilikuwa sura ya daraja la mto Byala. Mzee alimsimulia Nevyana kwa siku kadhaa, akikohoa na kupumzika. Alikuwa mwanagenzi wakati huo. Daraja lilikuwa limeanguka mara mbili, mto umelila mguu wake wa kati, na fundi mkuu alikuwa haongei na mtu. Akapita muuza vitana, sanduku mgongoni, akaomba maji. Fundi mkuu akampa maji, akamuuliza habari za njia, akacheka naye. Stamen alipewa ncha ya uzi, akaambiwa aishike kisiginoni pa kivuli na asitikisike. Daraja halikuanguka tena. Malori ya magogo yanapita juu yake hadi leo. Muuza vitana aliokotwa zizini mwa kondoo, kijiji cha tatu kutoka pale, kabla ya arobaini, bila jeraha.

"Alikuwa na umri kama wako," mzee aliniambia, nami nilikuwa nimepita tu kuchukua miwani.

Sura hiyo kila nilipoijenga iliporomoka. Kichwa chake kilizama ndani ya sura iliyotangulia, vifungu vyake vikatawanyika chini ya habari za mnara wa kengele, na sura zote za nyuma zikapoteza nambari zao. Nikaifungua, nikaikagua mstari kwa mstari. Safi. Nikaiandika upya. Ikaporomoka. Nikavuta nywele, nikatukana, nikalaumu programu, nikamlaumu aliyeitunga na mama aliyemzaa. Nevyana alikuwa akinitazama kimya kutoka meza ya pili, akisokota nyuzi zake nyekundu na nyeupe za Machi kwa ajili ya watoto wa kijiji. Kwetu mwezi wa Machi kila mtu hufungwa uzi huo mkononi uwe kinga ya maradhi, na huufungua siku atakapoona korongo au mti uliochanua.

Jumapili, mezani kwa mzee, nilifanya kosa la kulalamika mbele ya watu.

"Mmezika nini msingini?" mzee akauliza.

"Baba, hiki ni kitu cha kompyuta."

"Najua ni cha kompyuta, sijawa mjinga. Nimeuliza mmezika nini."

Shangazi Tota, aliyekuja kwa kipande cha banitsa, ule mkate wetu wa jibini, na kwa umbea, akafanya ishara ya msalaba. "Lo, Stamen! Siku ya Jumapili!"

"Daraja lile limo ndani ya kitabu," mzee akaendelea, bila haraka. "Kitabu kinataka kile daraja lilichotaka. Mnastaajabu nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na usipoupa ukuta chake utajenga milele."

"Basi tukupe wewe," Tota akamtania. "Si ulikuwepo?"

"Mimi sifai. Kivuli cha mzee ni chokaa iliyoganda, haishiki jiwe. Mimi jina langu liko juu ya jiwe tayari." Hilo lilikuwa kweli. Walipomzika mama mkwe walichonga kaburini majina mawili, la mke na la mume, na upande wa mume waliacha nafasi ya mwaka. Tangazo la msiba wa mama lilikuwa bado limebandikwa langoni, picha yake imefifia kwa mvua. "Panatakiwa mtu aliye katikati ya siku zake," mzee akasema. Kisha akanitazama. Mkono wake ulikuwa mfukoni.

Mimi nikacheka, tena kwa sauti. "Karibu, Baba! Nipime, nimekaa hapa!"

Hakuna aliyecheka nami. Nevyana aliinuka akaanza kukusanya sahani ambazo watu hawajamaliza kulia.

Haikupita wiki. Nilikuwa nimeshuka Plovdiv kwa shughuli zangu, niliporudi alasiri nikamkuta Nevyana ameketi mbele ya kompyuta yangu, mikono imekunjwa kama mgeni. Kitabu kilikuwa kimesimama. Sura ya daraja ilikuwa mahali pake, nambari zimejipanga, vifungu vimetulia. Nikapiga ukelele, nikamnyanyua na kumzungusha.

"Umefanyaje, mwanamke mchawi we?"

"Nimerekebisha kidogo tu. Nishushe, kizunguzungu."

Sikumuuliza zaidi. Furaha ilinitosha, na mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Tulimpelekea mzee kitabu kwenye kompyuta ya mkononi, akapitisha kidole kwenye kioo juu ya picha ya daraja, taratibu, kama anapapasa jiwe kutafuta ufa. "Kimesimama," akasema. Akanitazama tena, lakini safari hii macho yake yalikuwa na huruma, na huruma ile haikunipendeza hata kidogo.

Niliuona ule mstari siku chache baadaye, nilipofungua faili mama ili niongeze ukurasa wa shukrani. Kati ya sura ya sita na ya saba palikuwa na mstari uliotanguliwa na mikwaju miwili. Ulisema: *kivuli, saa sita mchana, shibiri saba na vidole viwili.*

Niliusoma mara mbili. Nikasema, upuuzi. Nikasimama, nikafungua dirisha, nikalifunga. Chini uani ukuta mpya ulikuwa umeshafika kiunoni mwa fundi, na pale pale ulipopita ndipo nilipokuwa nimesimama siku ile. Nani alikuwa karibu nami? Nani alikuwa na mkono mfukoni? Nikakumbuka yale macho ya mezani, na ile huruma. Haki ya Mungu, kivuli kile ni changu.

Ningeweza kushuka uani na kujipima. Dawa ya shaka ilikuwa rahisi hivyo: uzi, jua, dakika mbili. Lakini jaribu wewe. Kupima kivuli chako mwenyewe, ukiwa umeambiwa ulivyoambiwa, ni sawa na kujilaza kwenye jeneza ili uone kama linakutosha. Sikuthubutu. Na hapo nikagundua kwamba yule mtu wa bondeni aliyecheka kwa sauti hayupo tena, ameondoka bila hata kuaga.

Siku zilizofuata niliishi kama mtu aliyebeba yai mdomoni. Nilishuka ngazi nikishika ukuta. Kigae kiliteleza kutoka paa la kanisa na kupasuka hatua chache nyuma yangu, nikajifungia ndani hadi jioni. Bundi alilia. Kila lango lenye tangazo la msiba nililolipita niliona picha yangu, ile ya harusi, kwa kuwa sina nyingine nzuri. Nilikwenda kwa daktari mjini, akanipima kila kilichopimika, akaniambia mimi ni mzima, nipunguze chumvi. Nilimchukia. Usiku nilisikiliza moyo wangu, na chakula kilikuwa majani mdomoni.

Nyumbani nilikuwa mwiba. Nevyana alivaa koti juani, nikamwambia aache madeko. Alibakiza mkate wake, akaketi katikati ya ngazi ya nyumba ya kusomea akisema apumue kidogo, nikampita. "Na wewe usiniongezee," nilimwambia. "Nina yangu." Aliinua uso akanitazama, akasema, "Haya," akashika reli na kuinuka.

Kazi yetu ina tabia moja: kila mmoja huingia kwa jina lake, hata akitumia kompyuta ya mwenzake, na kila mstari huhifadhiwa pamoja na jina la aliyeuandika. Ningeweza kuangalia tangu siku ya kwanza. Nadhani sikutaka kujua, kwa kuwa nilishajijazia jibu, nikamweka mzee Stamen usiku mbele ya kompyuta, yeye asiyejua hata kuiwasha. Siku nilipoangalia hatimaye, jina lililoandikwa lilikuwa la Nevyana.

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliteremka kilima mbio, na ile hofu ya kuanguka nikaisahau kwa hasira.

Alikuwa jikoni anakoroga supu ya maharagwe, koti begani. Nikafunga mlango nyuma yangu.

"Umenipima lini?"

"Nimekupima nini?"

"Usinifanye mtoto, Nevyana. Nimeuona mstari. Baba yako alikuambia, nawe ukanipima nikiwa nimelala kwenye nyasi, au uani, sijui wapi. Miaka yote hii tumekula sahani moja! Ulishindwa hata kumwambia mzee hapana?"

Akaweka mwiko chini. Kwanza hakuelewa, nikaona asivyoelewa. Kisha akaelewa, na badala ya kulia akaanza kucheka, akacheka mpaka kikohozi kikamkata, akashika ukingo wa meza.

"Wewe?" akasema alipopata pumzi. "Wewe una shibiri nane na ushee, Velizar. Mrefu wote huo! Hata hesabu ya mtoto imekushinda kwa woga?"

Nikahesabu kwa vidole: saba si nane.

"Ni changu," akasema.

Supu ilichemka ikamwagika kando ya sufuria, na hakuna aliyeigusa.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu alikuwa anakutazama wewe. Hukuona? Kila siku. Ana uzi mfukoni tangu walipochimba ule msingi. Nilijua siku moja utasimama tena vibaya, wewe na ubishi wako, uanze kumhubiria habari za sayansi huku yeye anakupima. Nikawahi. Msingi ukishapewa mtu haudai mwingine. Nilisimama pale ukutani saa sita, nikajipima kwa uzi wa Machi, nikarudi juu nikaandika. Nilikuwa siamini, Velizar. Nilifanya ili akiona kitabu kimesimama aache kukutazama."

"Na sasa unaamini?"

Akazima moto chini ya sufuria. "Sasa nimechoka," akasema. "Mtu huchoka akitoka kwenye baridi."

Nikamtazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumtazama tangu Machi ianze. Mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza. Pete ya ndoa alikuwa ameihamishia kidole gumba. Mkononi hakuwa na ule uzi mwekundu na mweupe ambao hata mbwa wa kijiji walikuwa nao. Yote hayo yalikuwa mbele yangu kila siku, mezani, kitandani, kwenye ile ngazi, nami nilikuwa nasikiliza moyo wangu unavyodunda. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nautoa," nikasema. "Nautoa sasa hivi."

"Kitaanguka. Na Baba?"

"Kianguke!"

Lakini mtu wa bondeni hafi kirahisi. Nikiwa njiani kupanda kilima akili yangu ilianza kurudi kazini, na nilipoketi mbele ya faili mama nikaona kile ambacho mwanafunzi wa wiki ya kwanza angekiona. Faili la sura ya sita lilikuwa limeishia kwenye neno lake la mwisho, bila kuachiwa mstari mtupu chini. Sura ya saba ilipoitwa, kichwa chake kiligandana na aya ya mwisho ya sura ya mnara, na programu haikukitambua tena kuwa kichwa. Mimi nilikuwa nikimtibu mgonjwa ambaye haumwi, wakati jirani yake ndiye mwenye homa. Nevyana alipoandika mstari wake wa siri aliuachia nafasi juu na chini, kama anavyofanya mtu nadhifu. Ni ile nafasi tupu iliyokiponya kitabu. Kivuli hakikuwa na kazi yoyote pale.

Nikaufuta mstari wake. Nafasi nikaiacha. Nikaagiza programu ijenge.

Kikasimama. Sura ya daraja mahali pake, nambari zimejipanga. Nikalia kama mtoto, peke yangu, mikono juu ya kibodi. Kisha nikakimbia hadi kwa mzee.

Alikuwa uani kwake chini ya mzabibu ambao bado haujatoa majani. "Baba!" nikaita kabla sijafika. "Nafasi tupu tu! Kitabu hakikutaka mtu! Nimeutoa mstari na kimesimama!"

"Umetoa uzi wako," akasema. "Vizuri. Mwanamume hujitetea."

"Haukuwa wangu. Ulikuwa wa Nevyana."

Sijawahi kuona uso ukizimika namna ile. Alitoa mkono mfukoni, na mkononi palikuwa na uzi wa katani, wa kijivu, umefungwa fundo mwanzo, mwisho haujafungwa. Ulikuwa wangu, haukupata kukamilika. Akautazama kama kitu alichookota njiani.

"Nilidhani ni wewe," akasema. "Kitabu kiliposimama nilidhani Tota amekupima, au mafundi. Nikakuombea. Kila asubuhi nimekuombea wewe." Akajaribu kuinuka, blanketi likaanguka, akarudi kitini. "Binti yangu anakohoa, nikasema ni mafua."

"Lakini nimeutoa, Baba. Sikiliza. Nimeutoa, na arobaini bado."

Alivuta pumzi, kifua kikipiga mluzi.

"Kuna kitu sikumwambia akiandike," akasema mwishowe. "Yule muuza vitana. Alipoondoka akageuka akatupungia mkono, akatuachia kitana cha mfupa kwa yale maji. Fundi mkuu hakulala. Alfajiri alituamsha, tukaondoa jiwe la kwanza kwa mikono, tukautoa uzi, akautupa mtoni. Tukasema daraja lianguke, basi. Daraja halikuanguka."

"Na yeye?" nikauliza, ingawa sura nilikuwa nimeisoma na kuijenga mara zisizo na idadi. "Alikufa hivyo hivyo? Mlishautoa, na bado alikufa?"

Mzee Stamen akatikisa kichwa, kulia na kushoto, taratibu, namna watu wa kwetu tunavyosema ndiyo.

Nilimfunika blanketi lake na kurudi nyumbani, safari hii nikitembea, kwa kuwa mtu akikimbia huwa anakimbilia kitu. Kengele ya saa sita ilikuwa inalia. Nevyana alikuwa nje, upande wa jua, anaanika mashuka. Mti wa plamu uani ulikuwa umechanua wote, mweupe, na watoto wa jirani walikuwa wameshautundikia nyuzi zao.

"Kimesimama," nikamwambia. "Bila wewe. Ilikuwa nafasi tupu tu, nitakuonyesha."

"Kweli?" Uso ukamchanua. "Basi nipe uzi wangu niufunge mtini na mimi. Uko kwenye kikapu cha kushonea."

Nikaenda nikauleta. Mrefu, mwekundu na mweupe, amefunga fundo kila upande. Hakuuchukua mara moja. Aliutazama, akatazama kilimani ulipo ule ukuta, nikajua anawaza ninachowaza.

"Haya, pima," akasema. "Pima uache kunitazama hivyo. Umeanza kufanana na Baba."

Akasimama kama alivyosimama Machi kule ukutani, mgongo kwa jua. Nikapiga magoti, nikaweka fundo moja kisiginoni, nikaunyoosha uzi juu ya vigae vya ua. Kivuli kiliisha mapema. Uzi ulikipita kwa shibiri nne hivi, ukalala peke yake juani.

"Jua limepanda," Nevyana akasema juu yangu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ni Aprili, Velizar. Vivuli vya watu wote vimefupika. Msomi mzima!"

Nikacheka. Bila shaka! Jua limepanda, majira yamegeuka, hata mwanafunzi wa darasa la nne anajua. Kifua kikafunguka, nikainuka, nikasimama ubavuni mwake na kumshika bega, tuwe wawili juani kama watu wengine.

Nevyana hunifika sikioni. Hivyo ndivyo tulivyo tangu siku ya harusi. Nikatazama chini. Kichwa cha kivuli chake kilikuwa usawa wa kiuno cha kivuli changu.

Nikamwambia asogee kidogo, pengine ardhi pale ina mteremko. Akasogea.